Trekta la zamani likipoteza kompresheni ghafla: geji, upepo, au kufungua hedi?

Jana lililima bila shida. Leo asubuhi stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, bomba linatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, na injini haiwaki. Au inawaka kwa kusuasua huku ikitikisa trekta zima mpaka usukani. Kabla ya saa nne washauri watatu wameshafika. Wa kwanza anasema ringi (pete za pistoni) zimekwisha, hapo ni ovahoo, yaani kufumua injini nzima. Wa pili anasema gasketi, kizibo cha kati ya hedi na bloku. Wa tatu ameshashika spana, anataka kufungua hedi, kifuniko cha juu ya silinda, palepale shambani.

Dalili hizo ni za kompresheni kupotea, yaani injini kushindwa kubana hewa ndani ya silinda. Nalinganisha hapa njia za kutafuta chanzo, kwa sababu kila njia ina gharama yake na kila njia ina mahali inapodanganya. Mfano wangu ni Massey Ferguson 135 lenye Perkins AD3.152, injini ya dizeli ya silinda tatu. Ndilo trekta ninalolijua kwa mikono yangu, na injini hiyo hiyo imo ndani ya 230, 235 na 240 nyingi. 135 lilianza kutoka kiwandani Uingereza mwaka 1964, na huku kwetu bado yanalima, yanavuta matela ya mahindi na kuzungusha mashine za kupukuchua. Trekta la umri huo lipimwe kwa subira kabla ya kuhukumiwa.

Ghafla ni ghafla

Kompresheni ikipungua kidogo kidogo kwa miaka miwili mitatu, oili ikiliwa na moshi wa bluu ukizidi, ni haki kushuku ringi na slivu, yaani bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Lakini ringi hazichakai usiku mmoja. Injini iliyokuwa na nguvu jana ikaishiwa leo imepatwa na jambo: valvu imekwama au imeungua, springi ya valvu imevunjika, pushirodi (fimbo inayosukuma roka ili valvu ifunguke) imechomoka, gasketi imepasuka kati ya silinda mbili, pistoni imetoboka, au ringi imekatika. Kati ya mambo hayo sita, manne yako juu ya bloku. Na kati ya hayo manne, mawili, yaani springi na pushirodi, hutengenezwa bila hata kuinua hedi.

Ndiyo maana sitaki neno ovahoo litamkwe siku ya kwanza. 135 halina chesisi. Injini yenyewe ndiyo uti wa mgongo: mbele imeshika ekseli, nyuma imeshikana na giaboksi. Kutoa injini ni kulikata trekta vipande na kulitegemeza kwa magogo na jeki. Kazi hiyo ikianzishwa katikati ya kilimo, msimu umekwenda.

Kabla ya kugusa spana, muulize dereva nini kilitangulia, na umuulize bila ukali ili aseme kweli. Trekta lililochemsha maji jana yake linaelekeza kwenye gasketi, hedi iliyopinda au valvu. Lililokaa chini ya mti miezi sita linaelekeza kwenye valvu zilizoshikwa na kutu au ringi zilizoganda ndani ya mifereji yake. Lililotoka kurekebishwa valvu juzi, rudi kwenye valvu. Na lile linalowashwa kila asubuhi kwa kunusishwa tambara lenye petroli, shuku pistoni. Mvuke wa petroli hulipuka wakati pistoni bado inapanda, na pigo hilo huvunja ringi pamoja na kingo zinazoishikilia. Nimeona pistoni zilizomeguka hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara mwenye trekta alikuwa akijisifu jinsi linavyowaka haraka.

Je, ni kompresheni kweli?

Hewa kwenye paipu za dizeli, filta iliyoziba na nozo (kinyunyizio cha dizeli) mbovu vyote huiga ugonjwa huu. Kama injini bado inawaka, iache kwenye mwendo wa chini, kisha legeza nati ya paipu ya dizeli kwenye nozo moja, uikaze, uende ya pili, halafu ya tatu. Ukilegeza ya silinda nzima, mlio unaanguka papo hapo. Ukilegeza ya silinda mbovu, injini haina habari. Usiweke uso wala kidole karibu na nati hiyo, kwa maana dizeli yenye presha ya nozo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana kama tundu la sindano.

Silinda mbovu ikijulikana, hamisha nozo yake uiweke kwenye silinda nzima. Ubovu ukiifuata nozo, umepona kwa bei ya nozo moja. Ubovu ukibaki palepale, sasa tunazungumza kompresheni.

Kama injini haiwaki kabisa, vuta waya wa kuzimia na uzungushe kwa mkono, spana kwenye puli ya krenki. Katika mizunguko miwili kamili unatakiwa kukutana na sehemu tatu ngumu, moja kwa kila silinda. Penye ulaini ndipo penye ugonjwa. Fundi mwenye sikio husikia hilo hilo kwenye stata: injini nzima inazunguka kwa mapigo yanayolingana, na yenye silinda iliyokufa inachechemea, pigo moja linakimbia.

Ukishajua ni silinda ngapi, njia inapungua nusu. Silinda moja: valvu yake au pistoni yake. Mbili zinazopakana, ya kwanza na ya pili au ya pili na ya tatu: gasketi imeungua kwenye ukuta mwembamba ulio kati yao, na hapo huhitaji ubishi mrefu. Zote tatu kwa mpigo: usiingie ndani ya injini kwanza. Fungua chombo cha hewa. 135 nyingi zina kisafisha hewa cha oili, na oili hiyo ikigeuka tope, au hozi yake ikinyonywa ikakunjamana, injini haina hewa ya kubana. Angalia betri pia, kwa sababu stata inayozunguka kivivu inaipa hewa muda wa kuvuja pembeni ya pistoni. Na kama mmehangaika kuiwasha asubuhi nzima, dizeli isiyoungua imeosha oili kwenye kuta za silinda na kuzilegeza zote. Iache ipumzike kabla ya kupima.

Macho kwanza: kava ya roka

Njia ya kwanza haina mashine. Toa boneti, toa kava ya roka (mikono midogo inayosukuma valvu), mwambie utingo azungushe injini taratibu huku wewe ukitazama valvu sita zikipanda na kushuka. Zote zinatakiwa kushuka kiasi kinacholingana na kurudi mpaka juu. Ile isiyoshuka, pushirodi yake imechomoka au imepinda. Ile inayoshuka bila kurudi imekwama, au springi yake imevunjika. Kama springi imevunjika usizungushe tena, maana valvu ikidondoka ndani ya silinda itatoboa pistoni, na tatizo la asubuhi moja litageuka la mwezi.

Halafu pitisha fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya roka na valvu. Nafasi ya valvu kwenye AD3.152 ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Valvu isiyo na nafasi kabisa haifungi vizuri, na inayopitisha moto kwa siku kadhaa huungua ukingo. Hapo gharama ni gasketi ya kava na saa moja. Ubaya wake ni kwamba macho hayaoni valvu iliyoungua ikiwa imekaa mahali pake, wala hayaoni chochote kilicho chini ya hedi.

Bado naiweka ya kwanza kwa kila trekta. Sababu nitaieleza nikifika kwenye upepo.

Geji ya kompresheni

Hii ndiyo watu wanayoijua, na ndiyo inayotoa namba, kwa hiyo inaaminika kupita kiasi. Unatoa nozo, unafunga adapta inayolingana na tundu la nozo, unavuta waya wa kuzimia ili dizeli isiingie, unapiga stata mpaka mshale utulie. Geji ya gari la petroli haifai. Nyingi huishia kwenye 300 psi (kipimo cha presha), na injini ya dizeli iliyo nzima inaweza kupita hapo ikaiharibu. Tafuta ya dizeli, na hakikisha adapta ni ya nozo za CAV zinazofungwa kwa nati mbili, si ya nozo za kusokota.

Perkins wenyewe, kwenye miongozo ya baadhi ya injini zao, huandika kwamba kipimo hiki kitumike kulinganisha silinda za injini moja tu, na silinda inayotofautiana na wenzake kwa zaidi ya 50 psi ndiyo ya kushukiwa. Mafundi wengi hawafuati hilo. Wanabeba namba moja kichwani, sema 400, na kila injini isiyofika hapo wanaitangazia kifo.

Namba hiyo moja inadanganya hasa sehemu za mwinuko. Geji hubana hewa iliyopo, na hewa ya Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina presha ya karibu asilimia 82 tu ya hewa ya Tanga. Injini inayotoa 400 Tanga itatoa karibu 330 Mbeya bila ugonjwa wowote. Eldoret, mita 2,100, itashuka zaidi ya hapo. Betri dhaifu inapunguza tena. Kisafisha hewa kichafu kinapunguza tena. Kwa hiyo mtu akikuambia injini yako ina 310, muulize silinda nyingine zina ngapi, betri ilikuwaje, na mlipimia wapi. Zikiwa 310, 305 na 315, una injini iliyochoka kwa usawa, na hilo silo lililokuzimia trekta leo. Zikiwa 340, 120 na 335, sasa umepata kitu.

Umepata nini, lakini? Umejua ni silinda ya pili. Kama ulilegeza nati za nozo mapema, ulishajua. Geji imekwambia kiasi cha upungufu, haijakwambia hewa inakwenda wapi. Kwa ugonjwa wa ghafla, hilo la pili ndilo unalolihitaji.

Mahali ambapo geji inashinda njia zote ni pale unaponunua trekta la mkononi. Hapo hutafuti tundu, unataka kujua hali ya injini nzima kwa nusu saa kabla ya kuhesabu fedha. Kwa mnunuzi, silinda tatu zinazokaribiana ni habari njema kuliko rangi mpya.

Geji na oili

Kuna jaribio kongwe: silinda ikisoma chini, mimina oili kidogo kupitia tundu la nozo, pima tena. Namba ikipanda, ringi ndizo mbovu, kwa kuwa oili imeziba pembeni. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Kwenye injini ya petroli jaribio hili lina maana. Kwenye dizeli kama AD3.152 nakushauri uliache, na nataka kueleza kwa nini, kwa sababu nimeona ovahoo mbili zilizofanywa kwa ushahidi wa oili peke yake.

Kila silinda ya injini hii ina ujazo wa kama mililita 834, na inabana kwa uwiano wa 18.5 kwa 1. Ukipiga hesabu, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni mililita 48 hivi, pungufu ya kikombe cha kahawa ya mtaani. Mimina mililita 5 tu za oili, uwiano unapanda mpaka zaidi ya 20 kwa 1. Mimina 15, unapita 26. Namba ya geji itapanda tu, ringi ziwe nzima au mbovu, kwa sababu umeipunguzia hewa nafasi. Zaidi ya hapo, pistoni ya injini hii ina bakuli katikati ya kichwa chake, na nozo imeelekezwa humo. Oili unayomimina inatulia ndani ya bakuli, haifiki kwenye ringi ulizotaka kuziziba. Na ukizidisha, oili haibanwi kama hewa: konrodi, mkono unaoshika pistoni, ndiyo itakayopinda.

Upepo

Hii ndiyo ninayoichagua kwa trekta lililokufa ghafla. Badala ya injini kubana hewa, wewe ndiye unayeingiza hewa kwenye silinda iliyofungwa na kusikiliza inatokea wapi. Unahitaji kompresa, hata ya fundi pancha, na adapta ya kuingia tundu la nozo. Adapta hiyo fundi wa leti (mashine ya kuchonga chuma) anaweza kukuchongea kutoka kwenye nozo iliyokufa: toa vitu vya ndani, ichimbe katikati, ichomelee nipeli ya hozi.

Pistoni ipelekwe juu kabisa kwenye mzunguko wa kubana, si wa kutoa moshi. Utajua kwa roka: roka zote mbili za silinda hiyo zitakuwa zinacheza kidogo ukizitikisa. Halafu inakuja hatari ambayo lazima isemwe wazi. Uso wa pistoni ya 135 ni sentimita 65 za mraba na ushei. Ukiupelekea hewa ya 100 psi, unausukuma kwa nguvu ya karibu kilo 460, yaani magunia manne ya mahindi na zaidi yakiangukia pistoni kwa mkupuo. Kama pistoni haiko juu barabara, injini itazunguka yenyewe. Mkono ulioko kwenye feni au spana iliyoachwa kwenye puli haina pa kukimbilia. Kwa hiyo weka gia ya juu, funga breki, toa spana, ondoa watoto, na anza na 30 psi. Kwa tundu kubwa hiyo inatosha kusikika.

Kisha tembea kuzunguka injini na sikio lako. Kipande cha hozi kilichoshikwa sikioni kinasaidia sana.

| Hewa inasikika wapi | Chanzo | Hedi ifunguliwe? |
|---|---|---|
| Kwenye mdomo wa kisafisha hewa | Valvu ya kuingizia haifungi | Tazama kava ya roka kwanza. Ikiwa imekwama huenda isihitajike |
| Kwenye bomba la moshi | Valvu ya kutolea imekwama au imeungua | Ikiwa imeungua, ndiyo |
| Kwenye mdomo wa kujazia oili, kwa nguvu | Ringi imekatika au pistoni imetoboka | Ndiyo, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) pia |
| Mapovu kwenye rejeta | Gasketi au ufa wa hedi | Ndiyo |
| Kwenye tundu la nozo la silinda jirani | Gasketi kati ya silinda mbili | Ndiyo |
| Hakuna mahali | Valvu haifunguki, au hewa haiingii | Hapana |

Mlio hafifu kwenye mdomo wa oili ni wa kawaida kwa injini yenye miaka hamsini, kwa maana ringi hazizibi kwa ukamilifu. Pima silinda zote tatu, ulinganishe. Ile inayopuliza kama tairi lililotolewa valvu ndiyo yenye kesi. Kuhusu mapovu ya rejeta, AD3.152 ina slivu kavu, hazigusani na maji, kwa hiyo mapovu yakitokea usianze kuzungumza pete za mpira za slivu kama kwenye injini nyingine. Tazama gasketi na hedi.

Mstari wa mwisho wa jedwali umenigharimu nusu siku, na ndio ulionifundisha kuanza na kava ya roka. Niliitwa karibu na Kibaigwa kwa mzee mmoja mwenye 135. Gereji iliyotangulia ilikuwa imepima kwa geji: silinda ya tatu ilikuwa chini mno, nyingine mbili zilikuwa nzuri. Wakamwandikia orodha ya spea za ovahoo, pistoni tatu, slivu tatu, beringi zote. Mzee alikuwa ameshatafuta mnunuzi wa ng'ombe wawili.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, "hao ng'ombe wasiondoke leo."

"Marahaba mwanangu. Wewe pima, mimi nangoja."

Nikafunga hozi ya upepo kwenye silinda ya tatu. Kimya. Nikaongeza presha. Kimya, ila ule mlio mdogo wa ringi, sawa na silinda nyingine. Silinda iliyosemwa imekufa ilikuwa inashika hewa vizuri kabisa. Nikarudia mara mbili nikidhani adapta yangu ina kasoro. Nikaibadilishia mpira. Nikaenda kukagua geji yao. Saa zikaenda. Mwishowe nikatoa kava ya roka, nikamkuta mshtakiwa amelala: nati ya kufungia skrubu ya roka ilikuwa imelegea, skrubu imejirudisha nyuma, na pushirodi ya valvu ya kuingizia imeteleza pembeni na kupinda. Valvu ilikuwa imefungwa vizuri, na ndiyo maana upepo haukuvuja. Lakini haikuwa inafunguka, kwa hiyo hewa haikuwa inaingia, na geji isingeweza kusoma hewa ambayo haipo.

Pushirodi moja, na kurekebisha nafasi za valvu zote sita. Jioni lilikuwa linavuta tela. Ng'ombe walibaki zizini.

Kwa hiyo geji na upepo si vya kushindanishwa tu. Vikikubaliana, umepata tundu. Vikipingana, geji iko chini na upepo haupotei, jibu liko juu ya hedi au kwenye njia ya hewa, na pistoni haina kosa.

Kufungua hedi moja kwa moja

Wanaoichagua wana hoja. Kuna vijiji ambako kompresa iko kilomita arobaini na geji ya dizeli haipo kabisa, na hedi ya 135 ni nyepesi kiasi cha watu wawili kuinyanyua. Kama silinda mbili zinazopakana zimekufa baada ya trekta kuchemsha, mimi pia nitafungua bila kupima chochote.

Nje ya hapo naipinga, na sababu si gharama ya gasketi peke yake. Ukiinua hedi unafuta ushahidi. Hakuna tena silinda iliyofungwa ya kupigia upepo, huwezi kujua kama ringi zilikuwa zinashika. Hapo ndipo kauli ile huingia: "maadamu tumeshafungua, tubadilishe vyote." Mwenye trekta hana cha kujibu, kwa sababu kipimo ambacho kingemtetea hakiwezi kufanyika tena.

Kama imeshafunguliwa, basi isome vizuri. Gasketi iliyopasuka ina njia nyeusi ya moshi inayovuka kutoka silinda moja kwenda nyingine au kwenda kwenye tundu la maji. Geuza hedi juu chini, mimina mafuta ya taa juu ya kila jozi ya valvu, usubiri dakika chache: valvu isiyofunga itayapitisha yatokee kwenye njia yake ya hewa au ya moshi. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi na upitishe fila geji chini yake kutafuta kupinda, kisha kagua daraja la chuma kati ya valvu kwa nyufa. Teremsha pistoni zote kwa zamu ukague kuta za silinda. Mikwaruzo ya wima unayoweza kuisikia kwa ukucha ndiyo dalili ya ringi iliyokatika.

Ningechagua nini

Una spana tu, trekta liko shambani: sikiliza stata, legeza nati za nozo, toa kava ya roka. Hapo utapata jibu mara nyingi kuliko unavyodhani, na hujaharibu kitu.

Una kompresa ndani ya umbali wa kufikika: fanya hayo ya juu, halafu upepo, hata kama geji haipo. Ukilazimika kununua kifaa kimoja kwa ajili ya kijiji au kikundi chenye matrekta matatu manne ya aina hii, chonga adapta ya upepo. Geji iwe ya pili.

Una fundi anayekuja na geji peke yake: mpokee, ila mwambie apime silinda zote tatu, betri ikiwa imejaa, kisafisha hewa kikiwa safi, na aandike namba zote. Usikubali spea za chini ya hedi kwa namba ya silinda moja.

Upepo ukitokea kwenye mdomo wa oili kwa nguvu, hapo nakubali, kazi ni kubwa. Lakini hata hapo uliza kama ni silinda moja. Pistoni moja iliyotoboka na slivu mbili zilizo nzima si sababu ya kubadilisha zote, isipokuwa geji nayo inaonyesha zote zimechoka. Tafuta kwanza kilichoitoboa. Mara nyingi ni nozo inayomwaga dizeli badala ya kuinyunyiza, na pistoni mpya chini ya nozo ileile itatoboka vilevile.

Ukirudisha, nozo ziwekewe washa mpya za shaba na usiache ile ya zamani chini kwenye tundu, maana washa mbili zikikaa pamoja nozo haifiki mahali pake na hewa itavuja hapohapo. Nati za hedi zikazwe kwa torki renchi kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Liwashe lipate moto, lizime, kaza tena, na urudie nafasi za valvu zote sita kabla ya kulirudisha shambani.